Sifa ya Chuo na Uamuzi wa Mwombaji: Mfano wa Kamina

1. Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, swali moja husikika katika nyumba nyingi za Katoto na za mitaa mingine ya Kamina: kijana huyu ataenda kusoma wapi? Jibu hutolewa upesi kuliko swali linavyostahili. "Ile ya kule iko na jina," husema mjomba au yaya aliyewahi kusafiri, na kwa neno hilo moja familia huanza kutafuta nauli, chumba cha kupanga na ndugu wa kumpokea mtoto katika mji wa mbali. Ni nadra mtu kuuliza jina hilo lilitoka wapi, linataja jambo gani hasa, na kama jambo hilo lingalipo.

Makala haya yanakusudia kueleza namna sifa ya chuo inavyozaliwa, inavyosafiri na inavyoelekeza uamuzi wa mwombaji. Hoja yetu ni kwamba sifa ni habari yenye manufaa, na mwombaji hana kosa kuisikiliza. Hata hivyo, ni habari ya zamani, ya jumla, na iliyopita katika vinywa vingi. Mwombaji anayeifuata bila kuichambua huchagua chuo cha jana, ilhali atakwenda kusoma katika chuo cha leo. Kwa kuwa jambo hili huanzia katika usemi, yafaa tuanze na maneno yenyewe.

2. Sifa, jina na uvumi

Neno "sifa", lenye asili ya Kiarabu, lina matumizi mawili katika Kiswahili. Tangazo la chuo linapoorodhesha "sifa za mwombaji", hutaja diploma, alama na somo alilolisomea sekondari. Hapa sifa ni tabia bainifu, jambo linaloweza kuthibitishwa kwa hati. Lakini tunaposema kwamba fulani "amepewa sifa", tuna maana kwamba amesifiwa. Hapa sifa ni pongezi, na pongezi humtegemea anayeitoa. Katika sentensi "chuo kile kina sifa", maana hizi mbili zimekaa pamoja. Msemaji hutoa pongezi, na msikilizaji huipokea kana kwamba ni tabia bainifu. Katika pengo hilo ndipo maamuzi mengi huharibika.

Neno la pili ni "jina". Aghalabu jina ambalo chuo hujulikana nalo ni la mahali. Watu wa Katanga husema "Kasapa" wakimaanisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Watanzania husema "Mlimani" wakimaanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Makerere ni kilima cha Kampala kabla ya kuwa chuo. Matumizi haya si bila athari. Kilima hakihami wala barabara haichakai upesi, ilhali walimu hustaafu, vitabu hupotea na maabara huharibika au hujengwa upya. Jina la mahali hubaki vilevile katika mabadiliko yote hayo, likimfanya msikilizaji adhani kwamba na kitu kinachotajwa ni kilekile.

Neno la tatu ni "kuvuma". Upepo huvuma, ngoma huvuma, na mtu aliyepata umaarufu husemwa kuwa anavuma. Kutokana na kitenzi hichohicho tumepata nomino "uvumi", yaani habari isiyo na mwenyewe. Lugha yenyewe, basi, yatutahadharisha kwamba kuvuma na uvumi vina shina moja.

3. Sifa huzaliwa na historia

Sifa za vyuo vyetu hazikuzuka zenyewe. Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 huko Léopoldville chini ya malezi ya Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain cha Ubelgiji. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilifungua chuo kikuu chake rasmi huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo chao huko Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Hivyo kila chuo kilianza na mlezi wake, na sifa ya mlezi ikamwangukia mtoto.

Mwaka 1971 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na vitivo vikagawanywa baina ya kampasi. Kitivo cha Fasihi kilipelekwa Lubumbashi. Saikolojia na ualimu vikapelekwa Kisangani. Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa na kila kampasi ikarudi kuwa chuo kinachojitegemea. Hata hivyo, mgawanyo ule haukufutika katika kumbukumbu za watu. Mzee wa Kamina anaposema kwamba "lugha husomwa Lubumbashi", huenda hajui kwamba anarudia uamuzi wa serikali wa mwaka 1971.

Afrika ya Mashariki ina mfano unaofanana na huo. Katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere ilijulikana kwa tiba, Nairobi kwa uhandisi na Dar es Salaam kwa sheria, fani iliyoanza kufundishwa huko mwaka 1961. Mgawanyo huo ulifanywa kwa ajili ya kuepuka gharama za kurudia kitivo kilekile mara tatu. Lakini mpango wa fedha uligeuka kuwa sifa, na sifa ikaishi kuliko mpango wenyewe.

Sifa huweza pia kutiwa doa na mambo yasiyohusu masomo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa katika kampasi yao, na Ubelgiji ikasitisha ushirikiano wake na Zaire. Tukio hilo halikusema neno lolote juu ya ubora wa somo la jiolojia au la isimu, lakini kwa muda mrefu jina la chuo na habari za usiku ule vilitajwa pamoja.

4. Kwa nini mwombaji huitegemea sifa

Mnunuzi wa muhogo sokoni huweza kuuvunja na kuutazama kabla ya kulipa. Mwombaji wa chuo hana nafasi hiyo. Ubora wa masomo hujulikana baada ya miaka kadhaa, na wakati huo ada, ambayo wanafunzi wetu huiita minervali, imekwisha kulipwa, na umri haurudi nyuma. Mwanauchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba palipo na muuzaji anayeijua bidhaa na mnunuzi asiyeijua, mnunuzi hutafuta ishara ya kumpunguzia hofu. Jina la chuo ni ishara ya aina hiyo.

Mwajiri naye yumo katika giza hilohilo. Michael Spence alionyesha mwaka 1973 kwamba mwajiri asiyeweza kupima uwezo wa mtu kabla ya kumwajiri huisoma diploma kama dalili ya uwezo huo. Mwombaji analijua hili hata kama hajasoma uchumi. Anapochagua chuo chenye jina, hutazama mafunzo, lakini hutazama pia macho ya wale watakaoisoma diploma yake baadaye. Kwa hiyo si haki kumcheka mwombaji anayefuata jina, maana hutumia habari pekee iliyomfikia.

Habari hiyo humfikia kupitia kwa watu. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja yatoka Lubumbashi, nyingine yaenda Ilebo kupitia Kananga, na ya tatu yaenda Kalemie kupitia Kabalo. Sifa za vyuo nazo zimefika kwa njia hizo, zikiletwa na mwalimu wa sekondari aliyesomea Lubumbashi, mfanyakazi wa reli, mchungaji, au yaya aliyerudi likizo. Kila mmoja hutoa ushuhuda wa kweli kuhusu wakati wake. Kasoro ni kwamba mwalimu aliyemaliza miaka 20 iliyopita hukisifu chuo cha miaka 20 iliyopita.

5. Upungufu wa sifa kama kipimo

Upungufu wa kwanza, basi, ni ukale. Mfano ulio wazi ni neno "lisansi" lenyewe. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya lisansi. Tangu mageuzi ya LMD yaanze kutekelezwa nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi hupatikana kwa miaka mitatu. Neno ni lilelile, lakini safari si ileile. Anayelinganisha wahitimu wa mifumo hii miwili kwa jina la shahada tu hulinganisha vitu visivyolingana.

Upungufu wa pili ni ujumla. Sifa huvikwa chuo kizima, ilhali mwanafunzi husoma katika idara. Chuo chenye jina huweza kuwa na idara isiyo na walimu wa kutosha, na chuo kisichotajwa huweza kuwa na idara ndogo ambamo kila tasnifu husomwa na mwalimu kwa makini.

Upungufu wa tatu ni mzunguko. Robert Merton alieleza mwaka 1968 jinsi wanasayansi wenye jina wanavyozidi kupewa heshima, na wasio nalo wanavyosahauliwa hata wakifanya kazi sawa. Ndivyo ilivyo kwa vyuo. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni kweli sokoni, ambapo mnunuzi huona kitu kwa macho. Katika elimu haitoshi. Chuo Kikuu cha Kamina, kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hakiwezi kujiuza ikiwa kila kijana aliyefaulu vizuri huondoka mjini kabla ya kukitazama. Wakiondoka hao, jina halikui; na kwa kuwa jina halikui, wengine nao huondoka.

6. Gharama na faida ya kufuata jina

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Katoto amefaulu kwa alama nzuri na anataka kusoma ualimu. Akibaki Kamina atalala nyumbani na kula chungu kimoja na wenzake. Akienda Lubumbashi, safari ya takriban kilomita 600 kwa reli, familia italipa nauli, pango, chakula na minervali, na huenda mdogo wake akasubiri mwaka mzima kabla ya kuanza masomo yake. Je, jina lina thamani ya kusubiri huko?

Jibu haliwezi kuwa moja kwa wote. Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya wanafunzi wa Marekani. Waliwalinganisha vijana waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana, ambapo baadhi walikwenda kwenye vyuo vinavyochuja zaidi na wengine wakachagua vya kawaida. Kwa wengi wao mapato ya baadaye hayakutofautiana sana. Kijana mwenye bidii alibeba bidii yake popote alipokwenda. Lakini watoto wa familia zenye kipato kidogo walipata faida ya kweli kutokana na vyuo vya hadhi. Marekani si Haut-Lomami, na hatuwezi kuhamisha hesabu zake zikaja kama zilivyo. Hata hivyo, utafiti huo watupa tahadhari mbili. Tusimwambie kijana kwamba jina ndilo litakalomfanya msomi. Wala tusimwambie mtoto wa maskini kwamba jina ni upuuzi, maana huenda yeye ndiye anayelihitaji kuliko wote.

7. Sifa ya somo: Kiswahili

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba masomo nayo yana majina. Katika mji wetu, ambamo Kiluba na Kiswahili husemwa bega kwa bega, mzazi huweza kushangaa mwanawe akichagua Kiswahili: "Lugha unayoisema tayari, utaisomea nini?" Hapa tena sifa imechukua nafasi ya maelezo. Kuisema lugha si kuichambua, kuifundisha, kuitafsiri wala kuiandikia kamusi.

Isitoshe, hadhi ya Kiswahili imebadilika upesi kuliko sifa ya somo lake. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mwombaji anayelikataa somo hili kwa sababu ya jina la zamani huenda anakataa mlango uliokwisha kufunguliwa.

8. Hitimisho

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila sifa ya chuo iliundwa na watu, kwa uamuzi, kwa fedha na kwa kazi. Kwa hiyo inafaa kuichunguza. Mwombaji anayesikia kwamba chuo fulani "kina sifa" na aigeuze pongezi iwe maswali: Idara ninayoitaka ina walimu wangapi wanaofika darasani? Maktaba yake hufunguliwa lini? Kati ya walioanza pamoja, wangapi walimaliza, na kwa miaka mingapi? Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Maswali hayo aulizwe mwanafunzi aliyeko chuoni sasa, si yule aliyeondoka zamani.

Lakini mzigo huu si wa mwombaji peke yake. Kama sisi walimu hatuyatangazi majibu, tusimlaumu kijana anayeamua kwa uvumi. Idara inayobandika ukutani idadi ya walimu wake, ya wahitimu wake na ya tasnifu zilizotetewa, hata kama idadi hizo ni ndogo, humpa mwombaji sifa kwa maana ya kwanza ya neno hilo. Sifa kwa maana ya pili itafuata yenyewe, nayo itakuwa na mizizi.