Wasifu wa kazi: kipi kiandikwe, kipi kiachwe

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mbagala

Ijumaa moja baada ya sala, nikiwa ofisini na mweka hazina tukihesabu sadaka, mama mmoja wa mtaani kwetu alibisha hodi akiwa amefuatana na binti yake. Baada ya salamu alinikabidhi bahasha ya kaki, akasema: "Ustadhi, huyu binti anaomba kazi ya karani wa ghala. Tunaomba uipitie CV yake, na utukubalie jina lako liwe miongoni mwa wadhamini."

Nilifungua bahasha nikakuta kurasa saba zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya rangi, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kabila, dini, hali ya ndoa, jina la baba, urefu wa mwombaji na hali ya afya yake, ambayo ilielezwa kuwa njema. Wa pili ulianza na shule ya msingi. Wa tatu ulijaa semina za siku moja moja. Stashahada yake ya ununuzi na ugavi, ambayo ndiyo iliyomfungulia mlango wa kuomba kazi ile, niliikuta katikati ya ukurasa wa nne. Kurasa zilizobaki zilieleza kwamba yeye ni mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu bila ya kusimamiwa.

Nikamwuliza: "Binti, mbona sioni miaka mitatu uliyotutunzia stoo ya futari?"

Akainamisha kichwa. "Ustadhi, ile si kazi. Ile ilikuwa ya msikitini tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kila Ramadhani waumini wa mtaa wetu huleta mchele, unga, maharage, sukari na tende kwa ajili ya wajane, mayatima na wasiojiweza. Kwa Ramadhani tatu mfululizo, binti huyu ndiye aliyekuwa akipokea, akiandika na kugawa. Daftari lake limo kabatini mwetu hadi leo: kilichoingia, kilichotoka, aliyepokea na sahihi yake. Kazi aliyokuwa akiiomba ndiyo hiyo aliyokwisha kuifanya, lakini katika kurasa saba haikupata hata mstari mmoja, ilhali urefu wake kwa sentimita ulipata.

Hapa nami sina budi kujisahihisha. Nilipomwuliza nilitaja miaka mitatu. Kwa hakika ni Ramadhani tatu, yaani miezi mitatu. Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana, nami nitairejea.

Mwajiri anatafuta nini

Vijana wengi hudhani kwamba wasifu mrefu huonyesha mtu mzito. Steshenari zetu nazo huchangia, kwani huwa na wasifu wa mfano katika kompyuta, na kila mteja hubadilishiwa jina tu. Ndiyo maana maombi ya vijana kumi wa Mbagala, Tandika na Bunju yanaweza kufika mezani kwa mwajiri mmoja yakiwa na maneno yale yale ya uchapakazi na kujituma. Msomaji wake ana rundo la bahasha mbele yake. Anatafuta mambo machache: je, mwombaji ana sifa zilizotajwa katika tangazo? Amewahi kufanya kazi inayofanana na hii? Nani anaweza kumthibitisha? Akilazimika kuyawinda majibu hayo hadi ukurasa wa nne, huenda asifike huko.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo maombi yake hupitia mfumo wa Ajira Portal, humtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazopatikana, pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Kujitosheleza si kurefuka. Maelezo yanajitosheleza pale ambapo msomaji hana swali la msingi lililobaki bila jibu. Kwa kijana aliyemaliza chuo karibuni, kurasa mbili zinatosha, na mara nyingi hata moja.

Maswali matatu ya kuchuja

Nilimpa binti yule kalamu nyekundu, nikamwomba akiulize kila kipengele maswali matatu. La kwanza: je, kinahusiana na kazi ninayoiomba? La pili: je, ninaweza kukithibitisha kwa cheti, kwa daftari au kwa mtu? La tatu: nikikiondoa, mwajiri atapungukiwa na nini? Kipengele kilichoshindwa maswali hayo kikatwe bila huruma.

Kwa kipimo hicho shule ya msingi iliondoka, maana mwenye stashahada hahitaji kuthibitisha kwamba alimaliza darasa la saba. Urefu na afya njema vikaondoka. Semina za siku moja zikabaki mbili, zile za utunzaji wa kumbukumbu na za kompyuta. Uchapakazi na ubunifu vikaondoka pia, kwa sababu hakuna anayejiandika kuwa mvivu. Picha huwekwa pale tu tangazo linapoitaka. Tarehe ya kuzaliwa ina nafasi yake katika maombi ya serikalini, kwa kuwa matangazo yale huweka ukomo wa umri na hudai cheti cha kuzaliwa.

Dini, kabila na ndoa

Hapo mama yake alishtuka. "Ustadhi, hata dini aifute? Si itakuwa kama anaificha?"

Ni swali la haki, na najua wazazi wengi wanalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ikiwamo ya dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na kinga hiyo inamhusu pia anayeomba kazi. Basi ikiwa mwajiri haruhusiwi kuyatumia mambo hayo dhidi yako, kuna haja gani ya kumwekea katika mistari ya mwanzo kabisa?

Kuacha kuandika jambo lisiloulizwa si kulikana. Binti yule ataingia kwenye usaili na hijabu yake, na jina lake linajieleza. Dini yetu haisimami wala kuanguka kwa mstari wa "Dini: Muislamu" katika karatasi ya kuomba ukarani wa ghala. Ikiwa kazi yenyewe ni ya kufundisha Maarifa ya Uislamu, au taasisi imeuliza waziwazi, hapo mstari huo una sababu, nao uandikwe.

Yaliyosahauliwa

Baada ya kufuta, ilibaki nafasi ya kuandika yaliyo na uzito. Vijana wetu wengi wana kazi ambazo hawazihesabu: kufundisha madrasa, kutunza hesabu za kikundi cha kuzikana, kuuza katika duka la mjomba, kuratibu safari ya ziara, kusimamia ujenzi wa choo cha msikiti. Kwa kuwa hakukuwa na mshahara, huona hakukuwa na kazi. Hali kadhalika kina mama waliokaa nyumbani miaka kadhaa kulea watoto huku wakipika maandazi ya kuuza. Aliyenunua unga, akapanga bei, akatunza akiba na kuwalipa wasaidizi wawili amefanya biashara, naye ana haki ya kuitaja.

Siri ni kuitaja kazi hiyo kwa vitendo na idadi. Binti yule mwishowe aliandika hivi: "Karani wa kujitolea, stoo ya futari ya msikiti, Mbagala. Ramadhani tatu, 2022 hadi 2024. Nilipokea na kugawa vyakula kwa kaya 85. Nilitunza daftari la kuingia na kutoka. Niliwasilisha hesabu kwa kamati kila wiki." Mwajiri yeyote wa ghala anaelewa maneno hayo, awe Muislamu au si Muislamu.

Elimu ya dini nayo iandikwe kwa uangalifu. Aliyesoma chuo au thanawi kwa miaka inayojulikana na akapata shahada yake, aiweke katika sehemu ya elimu kwa mstari mmoja. Lakini aliyehifadhi juzuu thelathini asiandike kwamba anazungumza Kiarabu fasaha ikiwa hawezi. Kuhifadhi Qur'ani ni neema kubwa, na kuzungumza Kiarabu ni ujuzi mwingine. Vivyo hivyo kwa Kiingereza na kompyuta: badala ya "mtaalamu wa kompyuta", andika kwamba unatunza hesabu kwa Excel, ikiwa kweli unatunza.

Ramadhani tatu si miaka mitatu

Sasa narejea pale nilipojisahihisha. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniomba niwe mdhamini wake. Wasifu wake ulisema kwamba alifundisha madrasa yetu kwa miaka miwili. Nilijua alifundisha miezi minne. Baba yake alikuwa amefariki karibuni, na wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye. Nikamwonea huruma, nikanyamaza.

Siku moja simu ikaita. Mama mmoja mwenye sauti ya upole alijitambulisha kutoka katika kampuni fulani, akauliza: "Kijana huyu alifundisha kwenu tangu lini hadi lini?" Nilikuwa nimesimama kibarazani mwa msikiti, viatu mkononi. Nikasema kweli: miezi minne. Akanishukuru, akakata simu. Kijana hakuitwa.

Alinichukia kwa muda mrefu, na sikuweza kumlaumu. Kosa langu halikuwa kusema kweli siku ya simu, bali kutoisema siku aliponiletea karatasi. Ningemwambia mapema angeandika miezi minne, na huenda miezi minne ingemtosha. Huruma yangu ilimnyima hata kile alichokuwa nacho kwa haki.

Katika ngazi ya taifa tuliona mfano mkubwa zaidi. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyobainisha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotumikia miaka mingi, wenye familia na watoto shuleni. Uongo wa karatasi huweza kukaa kimya muda mrefu, lakini siku unapoitwa huja na deni la nyumba nzima.

Sifa mbili za Nabii Yusuf

Wako wazazi wenye wasiwasi wa upande wa pili: hawapendi watoto wao wajisifu, kwa kuogopa ria. Wasiwasi huo una asili njema, lakini tutazame Qur'ani. Katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (A.S.) anamwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na anataja sifa mbili tu: kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na ana ujuzi. Hakutaja kwamba ni mwana wa Yaaqub, mjukuu wa Is-haq na kitukuu wa Ibrahim. Hakutaja uzuri wa sura yake, uliokuwa umekwisha kusemwa mji mzima. Kazi ilikuwa ya kutunza ghala, naye akataja yanayohusu kutunza ghala.

Kusema ulichoulizwa, kwa kiasi chake, ni kutoa ushahidi juu ya nafsi yako. Kujisifu huanza pale unapozidisha, au unapotaja kisichohitajika ili uonekane. Kwa hiyo wasifu mfupi una adabu ndani yake, mbali ya kuwa unasomeka.

Neno kwa wadhamini na wazazi

Mdhamini hachaguliwi kwa cheo. Vijana humwandika imamu kwa sababu ni imamu, au diwani kwa sababu anajulikana, bila hata kumwomba ruhusa. Mwandike aliyekuona ukifanya kazi: mwalimu aliyekufundisha, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwenye duka uliyemhesabia mauzo. Mwombe ruhusa, mpe nakala ya wasifu, na uhakikishe namba yake ya simu ni ile anayoitumia sasa. Na wewe uliyeombwa, soma kabla ya kukubali. Usiposoma, siku simu itakapoita utakuwa shahidi wa jambo usilolijua.

Wazazi nao wakae na watoto wao jioni moja, baada ya Isha, wawaulize: "Umewahi kukabidhiwa nini, ukakirudisha kikiwa salama?" Majibu ya swali hilo ndiyo nyama ya wasifu. Kisha wamwachie kijana aandike mwenyewe, wala wasimwongezee hata mwezi mmoja.

Binti yule alirudi Ijumaa iliyofuata na kurasa mbili. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama, kisha nikachukua daftari la futari kabatini nikalinganisha idadi ya kaya. Zilikuwa 85. Nikamkubalia kuandika jina langu. Hadi naandika makala haya hajaitwa kwenye usaili, nami sijapigiwa simu. Ikipigwa, in shaa Allah, sitahitaji kunyamaza kabla ya kujibu.

Wabillahi tawfiq.