Ardhi ya Salama na Ardhi ya Saketi

Neno moja nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe liliwafanya wanafunzi wa Salama wamwagilie misumari maji kwa muda wa wiki mbili. Ninalisimulia kosa hilo kwa kuwa ni langu, na kwa kuwa mwalimu yeyote anayejaribu kufundisha ufundi wa elektroniki kwa Kiswahili atakutana nalo njiani.

Salama ni mji mdogo katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mwendo mfupi kutoka Konza ambako ujenzi wa jiji la teknolojia ulizinduliwa mwaka 2013. Katika shule moja ya huko, wanachama wa chama cha sayansi walikuwa wakitengeneza paneli ya kudhibiti pampu ya tangi la maji. Ubao wa saketi wa paneli hiyo waliuchora na kuulehemu wenyewe: swichi nne, taa ndogo nne, na transista za kuziwasha. Kazi ya kusoma swichi na kuamua taa ipi iwake waliikabidhi Arduino Uno, ubao mdogo wenye maikrokontrola, wa ukoo ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Arduino ilikuwa na betri yake, na paneli betri yake.

Mwalimu wao aliniomba niwaandikie maelekezo kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye mguu wa Arduino ulioandikwa GND, sikufikiri mara mbili. Niliandika: “Unganisha mguu huu na ardhi. Fanya vivyo hivyo kwa paneli.”

Nao wakatii. Walipigilia misumari miwili nje ya dirisha la maabara, mmoja wa Arduino na mwingine wa paneli, wakafunga waya. Asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, swichi zilisomeka na taa ziliwaka, ijapokuwa kwa unyonge. Kufikia adhuhuri, jua la Ukambani likishakausha udongo, taa zilicheza zenyewe kana kwamba zina mashetani. Mwanafunzi mmoja mwerevu akagundua kwamba kikombe cha maji juu ya misumari kinaponya ugonjwa. Hivyo ndivyo paneli iliyokusudiwa kutunza maji ikawa inakunywa maji, katika nchi ambayo watu wake wanajua thamani ya kila mtungi.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa magari kando ya barabara, niliyemsimulia kisa hiki nikisubiri gurudumu langu lizibwe. Alicheka, kisha akaniuliza: “Daktari, gari lina tairi za mpira. Ardhi yake iko wapi?” Kweli. Katika gari, upande hasi wa betri hufungwa kwenye bodi ya chuma, na taa nyingi hurudisha mkondo wake kupitia bodi hiyo. Hakuna anayechimba shimo.

Maana ya jambo hili ni ya kifizikia kabla ya kuwa ya kiisimu. Volti si kitu kinachokaa mahali pamoja. Ni tofauti baina ya mahali pawili. Tunaposema Kilimanjaro una mita 5,895 tunapima kutoka usawa wa bahari, na watu wawili wenye bahari mbili tofauti hawawezi kulinganisha milima yao. Paneli inapotuma volti 5 kwa Arduino, Arduino huuliza: tano kutoka wapi? Bila ya waya unaounganisha upande hasi wa paneli na upande hasi wa Arduino, swali hilo halina jibu. Ule udongo wenye unyevu ulikuwa waya mbovu uliojibu asubuhi na kunyamaza mchana. Waya halisi wa shubiri moja ulimaliza maradhi yote.

Najua watakaosema: kwa hiyo sayansi ibaki kwa Kiingereza. La hasha. Neno la Kiingereza lenyewe lina maana ya udongo, na Waingereza wa mtindo wa kale husema “dunia” kabisa. Utata ni wao. Mimi niliubeba mzima mzima nikaushusha Salama. Tofauti ni kwamba wao wamekuwa na miongo mingi ya kusahihishana karakanani, ilhali kamusi za istilahi za sayansi zilizotolewa na TUKI mwaka 1990 zilitangulia ukoo wa ubao huu kwa miaka kumi na mitano. Tena mwanafunzi ambaye nyumbani huita ardhi na nchi kwa neno moja la Kikamba, nthĩ, alikuwa na kila haki ya kuchukua nyundo.

Basi nilirudi Salama na istilahi mpya, nikiwa nimejiridhisha sana: “waya wa sifuri.” Msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono kabla sijamaliza. “Mwalimu, Arduino ina mguu ulioandikwa 0. Tufunge huo?” Alikuwa amesema kweli. Miguu ya kidijitali ya Uno huhesabiwa kuanzia 0 hadi 13, na huo wa 0 ni wa kupokelea data kutoka kwa kompyuta. Angefuata maelekezo yangu ya pili, ile programu mpya ingekataa kuingia, nasi tungeanza kutafuta kosa mahali pengine.

Tulijadiliana kwa saa nzima. “Hasi” ilipata kura nyingi, nami sikuipinga kwa saketi hii, ila nilitahadharisha kwamba zipo saketi zenye volti zilizo chini ya hapo, na humo jina hilo lingepotosha. Mwishowe tuliafikiana “rejeo la pamoja”: mahali ambapo pande zote mbili hurejea zinapopima. Neno “ardhi” tumeliachia ule waya wa usalama wa umeme wa nyumbani, ambao kweli huishia udongoni.

Karatasi nimeiandika upya, na safari hii nilimpa yule msichana aisome kwanza. Ameshaweka alama ya kuuliza kando ya neno “mguu.”