Roho, Nafsi na Moyo: Maneno Tunayotumia Kufundisha Habari za Uhai wa Mtu

Mwalimu afundishaye wanafunzi wa ubatizo katika nchi ya Ugogo hukutana mapema na shida moja, nayo ni shida ya maneno kabla ya kuwa shida ya imani. Awaambia watu kwamba mtu ana mwili na roho. Mwili hufa, roho haifi. Wote huitikia, wala hapana abishaye. Walakini akiwauliza siku ya pili, "Hiyo roho ni nini?", mmoja hujibu kwamba ni pumzi, wa pili, kwamba ni tabia, kwa kuwa watu husema fulani ana roho nzuri na fulani ana roho mbaya, wa tatu, kwamba ni uchu wa chakula, na mzee aketiye nyuma kabisa husema ni kile cha marehemu kinachobaki na kuwarudia walio hai. Wote wanne wamesema Kiswahili sawasawa. Nimefundisha miaka mingi hapa Chimwaga na katika vijiji vya kando ya Dodoma, nami nimeona kwamba mafundisho mengi hupotelea katika njia panda hiyo.

Basi tuyatazame maneno yenyewe. Roho na nafsi yametoka katika Kiarabu, nayo yaliingia pwani zamani; moyo ni neno letu la Kibantu. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Steere alipofika Unguja mwaka 1864, waliyakuta yote matatu vinywani mwa watu, tena yamekwisha kuzoea mafundisho ya Kiislamu. Hawakuunda neno jipya. Wako wanaowalaumu kwa ajili hiyo, wakisema kwamba wangetafuta neno la Kibantu tupu. Mimi siwalaumu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Nafs ya Waarabu ndiyo nefesh ya Waebrania, na ruh ndiyo ruah. Kwa njia hiyo Mswahili amepata maneno yaliyo jamaa ya yale ya Musa na manabii, jambo ambalo Mwingereza na Mjerumani hawakulipata katika lugha zao.

Lakini jamaa si mtu yule yule. Nefesh kwa Waebrania, mizizi yake ni koo: mahali papitapo pumzi, maji na chakula. Kutoka kooni neno likaenda kwenye njaa na kiu, kutoka njaa likaenda kwenye tamaa, kisha uhai, kisha mtu mzima mwenyewe. Sasa msomaji na asikilize lugha yake. Kwa Kiswahili twasema kumkaba mtu roho, maana yake kumshika koo asipumue. Mtu apendaye chakula kupita kiasi ni mroho, na tabia yake ni uroho. Kumbe kazi ya nefesh ya Waebrania haikushikwa na nafsi, aliye mtoto wake kwa jina, bali imeshikwa na roho! Na nafsi imebaki kuwa neno la mtu kujitaja mwenyewe, kama tusemavyo "mimi binafsi".

Hapo utaona taabu waliyokuwa nayo wafasiri. Katika Agano Jipya la Kiyunani neno psyche ni moja. Katika Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, ile iitwayo ya Muungano, neno hilo moja limegawanywa mara tatu. Bwana wetu anapouliza faida ya mtu kuupata ulimwengu wote, imeandikwa nafsi. Anapoonya juu ya wale wawezao kuua mwili tu, imeandikwa roho. Mariamu anapomsifu Mungu nyumbani kwa Elisabeti, imeandikwa moyo. Tena soma Luka, sura ya 12, habari za tajiri mwenye ghala. Tajiri asema na nafsi yake, na katika mstari unaofuata Mungu amwambia kwamba usiku ule ule roho yake inatakiwa. Msikilizaji wa Kiswahili hudhani ni vitu viwili. Kwa Kiyunani ni neno lile lile, na ukali wa mfano huo wakaa hapo hasa: kile alichokituliza kwa vyakula ndicho alichodaiwa. Sisemi wafasiri wamekosa. Hakuna neno moja la Kiswahili litakaloenea mahali pote pale. Nasema tu kwamba mwalimu asijenge hoja nzito juu ya tofauti ya roho na nafsi kwa kutazama Kiswahili peke yake. Nimewahi kusikia mahubiri ya saa nzima yaliyojengwa hivyo.

Na hapa niongeze neno dogo la sarufi. Roho ya mtu huitwa "roho yangu, imechoka". Lakini Roho Mtakatifu "ameshuka, anatufundisha". Mtoto wa shule akisema "Roho Mtakatifu imeshuka" tunamsahihisha upesi, na ni vema, maana katika herufi moja ile mna fundisho zima la Nafsi ya tatu ya Utatu. Na tazama, hapo tena nafsi imepata kazi nyingine!

Sasa tuje kwenye imani. Watu wengi, Wakristo wa miaka mingi pia, hudhani kwamba Kanisa lafundisha hivi: roho ni kama ndege, mwili ni kama tundu, mauti hufungua tundu na ndege huruka. Hayo hasa ni mawazo ya Plato, mwenye hekima wa Wayunani, aliyekufa zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Kitabu cha Mwanzo husimulia vingine. Mungu alifanya mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi, na mtu akawa nafsi hai. Haikuandikwa kwamba alipewa nafsi ndani yake kama mtu atiaye mtama ghalani, alikuwa nafsi. Na maneno yale yale ya Kiebrania yametumika katika sura ya kwanza kwa wanyama, jambo ambalo wafugaji wa Ugogo hulipokea pasipo mshangao wowote. Kilichomtenga mtu na ng'ombe wake ni kufanywa kwa mfano wa Mungu. Na katika Imani ya Mitume tunakiri kufufuka kwa mwili.

Nilijifunza uzito wa jambo hili kwa aibu. Miaka ya kwanza ya kazi yangu mama mmoja alifiwa na mtoto wake mchanga kabla hajabatizwa. Nilikwenda msibani, nami, kama nilivyofundishwa, nikamwambia, "Mama, usilie hivyo. Kilicho kaburini ni ganda tu. Roho imekwisha kwenda." Akaninyamazia kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikunyonyesha roho. Nilinyonyesha mtoto." Sikuwa na jibu, nikaaga. Niliporudi nyumbani nikasoma tena sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambayo nilidhani naijua, nikaona kwamba Paulo yu upande wa mama yule. Hasemi neno la ganda. Asema habari za mbegu ipandwayo na kuinuka. Kinachopandwa ndicho kiinukacho, ijapokuwa kimebadilika.

Mama yule alikuwa na swali la pili. Shangazi yake, Mkristo wa zamani, alikuwa amemwambia kwamba mtoto asiyebatizwa hana mahali. Neno hilo lina historia ndefu. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyekufa mwaka 430, alifundisha kwamba watoto hao wamo hukumuni, ijapokuwa hukumu iliyo nyepesi kuliko zote. Walimu wa baadaye waliona neno hili gumu, wakafikiri juu ya mahali pa pembeni pasipo mateso wala kumwona Mungu, paitwapo limbo. Kanisa Katoliki halikulifanya wazo hilo kuwa sharti la imani. Katekisimu yake ya mwaka 1992 yawaweka watoto hao katika huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanatheolojia wake ilieleza kwamba iko sababu ya kutumaini wokovu wao. Nilirudi kwa mama nikamwambia hayo kwa maneno machache, na ya kwamba Bwana aliwakumbatia watoto pasipo kuuliza kwanza.

Tena watu huuliza, roho ya mtoto hutoka wapi? Mgogo ahesabu ukoo kwa mbeyu, yaani mbegu, ya baba yake. Basi na roho je? Tertuliano wa Karthago, naye Mwafrika, aliandika kitabu juu ya roho karibu na mwaka 210, akashikilia kwamba hutoka kwa wazazi pamoja na mwili, kama chipukizi litokavyo katika shina. Wengine walisema kila roho huumbwa na Mungu papo hapo, na mafundisho hayo ndiyo yaliyoshika katika Kanisa la Magharibi. Agostino alilifikiri jambo hili maisha yake yote, akafa hajakata shauri. Huwaambia wanafunzi hivyo pasipo kuona haya.

Na kati ya mauti na kiyama roho yakaa wapi? Hapa Wakristo hawapatani. Papa Benedikto wa 12 alitangaza mwaka 1336 kwamba roho za watakatifu waliokwisha kutakaswa humwona Mungu hata kabla ya kiyama. Luther mara nyingi alinena juu ya wafu kama watu waliolala. Calvin akaandika kitabu, kilichopigwa chapa mwaka 1542, kupinga usingizi huo wa roho. Waadventista, ambao ni wengi katika Tanzania, hushika usingizi mpaka leo. Katika msiba mmoja mjini Dodoma waweza kuwasikia wote, kila mmoja kwa zamu yake.

Lakini kwa wazee wetu swali hili si la vitabu. Kwa Chigogo, Mungu ni Mulungu, na wazee waliokufa ni milungu. Neno ni moja, umoja na wingi. Walitambikiwa makaburini, wakaombwa mvua na uzima wa watu na mifugo. Tangu kituo cha wamisionari kilipowekwa Mpwapwa mwaka 1878, mahubiri yamekataza tambiko, nayo yalikataza kwa haki, maana mvua ni ya Mulungu peke yake. Ila naona tulikataza upesi na kueleza polepole. Tuliwaambia watu waache kuwaita babu zao. Hatukuwaambia babu wako wapi. Mzee mmoja aliniuliza, "Je, wamekuwa si kitu?" Nilimsomea jibu la Bwana kwa Masadukayo, kwamba Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo ni Mungu wa walio hai, kwa kuwa kwake wote huishi. Akanitaka nisome tena, nikasoma. Akasema, "Basi wako kwake, si kwetu." Sijapata kusikia mafundisho hayo yakielezwa vizuri zaidi kwa Kiswahili, na mzee yule alikuwa bado hajaandikwa jina katika daftari la wanafunzi.

Agano Jipya la Chigogo lilipigwa chapa mwaka 1899, nami nakusanya maneno yaliyotumika humo na yale yasemwayo nyumbani juu ya pumzi, moyo, kivuli na uhai. Walimu wa Ukaguru, Uhehe, Unyamwezi na Irangi watanisaidia sana wakiandika katika kurasa hizi jinsi lugha za kwao zigawanyavyo mambo hayo, hasa lile neno wasemalo watu mtu anapokata roho.