Boti ya alumini haikarabatiwi kama mashua ya mbao

Ronge haina bahari wala ziwa. Maji ya kuvulia yaliyo jirani ni ya Ziwa Jipe, huko Taveta mpakani na Tanzania. Hata hivyo, mtu anaweza kukarabati boti kuukuu uani kwake Ronge, akaipakia kwenye pikapu na kuishusha Jipe, mradi iwe ndogo na ya alumini. Ukilinganisha vipande viwili vya ukubwa mmoja, alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma.

Shida ni kwamba sisi watu wa Pwani tumezoea mbao. Tunajua kukalafati kwa pamba na kupaka sifa. Alumini haina habari na mambo hayo.

Anza kwa kutafuta panapovuja. Iweke boti juu ya matairi, tia maji ndani kina cha vidole vinne, kisha zunguka upande wa chini ukiwa na chaki. Kila penye tone, weka alama. Usiijaze: lita 1,000 za maji ni tani nzima, zitaipinda.

Mara nyingi zinazovuja ni ribiti zilizolegea. Mmoja ashikilie chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti, mwenzake agonge mkia kwa nyundo. Iliyolika itolewe kwa drili, iwekwe mpya ya alumini pamoja na gundi ya boti, ile inayobaki kama mpira hata ikikauka.

Kuchomelea usikimbilie. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na haibadiliki kuwa nyekundu kumwonya fundi. Mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti itaacha tundu kubwa kuliko ulilokwenda nalo. Inatakiwa mashine ya gesi ya argon na fundi anayeijua. Ukimkosa, kata kiraka cha alumini, kipake gundi, ukipige ribiti.

Jambo la tatu ni madini kukutana. Alumini ikigusana na shaba au chuma ndani ya maji, hasa ya chumvi, hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo misumari ya chuma isitumike. Bolti za stenlesi zitiwe washa za plastiki. Rangi yenye shaba, ambayo wenye mashua hupaka kuzuia chaza, usiiguse. Hata ubao wa tezi unaobeba injini usiwe umetiwa dawa ya shaba ya kuzuia mchwa.

Sasa tuje kwenye jambo linaloua. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji, kwa kawaida hubaki unaelea na mvuvi akaung'ang'ania. Alumini ikijaa huenda chini kama sufuria. Kinachoizuia ni povu gumu lililofichwa chini ya viti. Wengi wakikarabati hulitoa kwa kuwa limelowa na limeoza, wakafunga viti vikiwa vitupu. Boti inapendeza, inakwenda mbio, lakini haina tena cha kuiokoa. Na Jipe ina viboko na mamba. Si mahali pa kuogelea ukisubiri msaada.

Povu lililolowa litolewe, ndiyo, lakini lirudishwe jipya. Lita moja ya povu huinua karibu kilo moja, kwa hiyo hesabu uzito wa boti na injini, kisha uongeze. Sponji ya godoro haifai, hunywa maji. Povu jeupe la kufungia televisheni huyeyuka likimwagikiwa petroli. Ukikosa povu la boti, madumu madogo mengi yaliyofungwa vizuri na kukazwa chini ya viti ni bora kuliko moja kubwa, maana likitoboka moja yatabaki mengine.

Kabla ya kutia nyavu, ipeleke kwenye maji ya kiunoni, injini ikiwa mahali pake, uijaze kusudi hadi pomoni. Kingo zake zikibaki juu, umekarabati boti. Zikizama, irudishe uani. Ikifaulu, nenda kwa BMU na maofisa wa uvuvi uisajili, na kila atakayepanda awe na jaketi la kuokolea. Mengine tumwachie Mwenyezi Mungu.