Mdudu Asiye na Jina

Ninyi askari na polisi mnaoshika doria kutoka Gisenyi, ambayo leo ni Rubavu, hadi miteremko ya Karisimbi: hutokea mtu akaketi juu ya kigoga, yaani ile mimea mifupi laini itandayo mahali penye maji, akaona kitu cha kahawia kisichofika ukubwa wa punje ya ulezi kikitambaa mkononi. Hukisaga kwa kidole na kusema, "Kupe." Hukumu hiyo hupitishwa upesi mno.

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1905 Daktari Joseph Dutton wa Liverpool alifariki Kasongo, katika Kongo, kwa homa ileile ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Lakini papasi ni mkazi wa nyufa za sakafu na kuta za udongo. Kumtafuta kwenye kigoga kilicholowa ni kumtafuta asikoishi.

Basi huyu wa kwenye kigoga atambuliwaje? Huanzwa na miguu. Mwenye miguu sita na vipapasio viwili kichwani, ambaye akiguswa huruka ghafla, yaelekea ni mkia-fyatuo. Ana uma uliokunjwa chini ya tumbo, naye huufyatua. Mwenye miguu minane, asiye na vipapasio, mwenye gamba gumu ling'aalo, yaelekea ni utitiri wa udongoni, alaye kuvu na mimea iliyokufa, wala hana haja na damu ya mtu. Hapo pana mtego: mtoto wa utitiri, kama yule wa kupe, huzaliwa na miguu sita. Kwa hiyo miguu peke yake haitoshi. Sharti vitazamwe vipapasio pia.

Kumpata bila kumponda, iko njia ya Mtaliano Antonio Berlese, ambayo Mswidi Albert Tullgren aliitengeneza upya kwa taa ya umeme. Konzi ya kigoga huwekwa juu ya chujio ndani ya faneli, taa juu, kichupa cha spiriti chini. Viumbe hukimbia joto na ukavu, hushuka, hutumbukia. Kisha huandikwa kikaratasi: mahali, mwinuko, tarehe. Kichupa kisicho nacho ni sawa na ripoti isiyo na saini.

Jina kamili ni kazi ya bingwa mwenye hadubini, naye hulinganisha na vielelezo vya zamani. Msafara wa Wajerumani wa 1907–1908, ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulipeleka mikusanyo yake Ujerumani. Ile ya G. F. de Witte, ya 1933–1935 katika Hifadhi ya Albert, ilikwenda Ubelgiji. Hivyo mdudu wa mlima wetu huenda akahitaji kuulizwa Ulaya! Walakini Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha bioanuwai huko Huye.

Na haraka ipo. Chini ya kigoga cha mabwawa hulala nyiramugengeri, ambayo huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Huko Gishoma, wilayani Rusizi, ilichimbwa ili kuendesha mtambo wa umeme. Bwawa likikaushwa, wakazi wake hutoweka, wenye majina na wasio nayo.

Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna ruhusa ya kuchukua kigoga bila kibali. Mkimkuta mtu na vichupa, ulizeni karatasi. Akiwa nayo, apite, na vichupa visifunguliwe.