Maji Safi na Maendeleo ya Watoto Shuleni



Tunapozungumzia matokeo ya mitihani ya watoto wetu wa Kaisho, wilayani Kyerwa, hutaja upungufu wa walimu, madarasa na vitabu. Ni mara chache tunataja maji ambayo mtoto amekunywa.

Nyumba zetu ziko vilimani na chemchemi nyingi ziko mabondeni. Mvua za vuli na masika huteremsha huko kinyesi cha watu na mifugo. Mtoto anayekunywa maji hayo anaweza kupata kuhara, homa ya matumbo, amiba au baadhi ya minyoo. Akiharisha hukosa vipindi, na somo la hisabati halimsubiri. Mwenye minyoo huweza kuhudhuria kila siku, lakini amechoka, damu ni pungufu na hamfuati mwalimu. Huko Busia, Kenya, utafiti ulioanza mwaka 1998 ulionyesha kuwa dawa za minyoo zilipunguza utoro shuleni kwa takriban robo. Lakini dawa pekee haitoshi, kwa sababu mtoto huambukizwa tena.

Busia pia chemchemi zilijengewa. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa theluthi mbili. Katika maji yaliyokwisha kufika nyumbani ulipungua kwa robo tu. Yalichafuliwa njiani na ndani ya nyumba: dumu lisilosuguliwa, ndoo isiyo na mfuniko, kikombe kinachochovywa na kila mkono. Hivyo kujenga chemchemi au tangi ni nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni hii:

1. Dumu lisuguliwe kila mara kabla ya kuteka.
2. Maji yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini na kusubiri nusu saa. Penye uhaba wa kuni, maji maangavu yawekwe katika chupa za plastiki zisizo na rangi na kulazwa juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.
3. Maji ya kunywa yahifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko na koki.
4. Tangi la shule lisipokee mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati.

Tunawaomba wafadhili watenge fungu la elimu na matengenezo katika kila mradi wa maji. Nazo kamati za sharika zimwombe mwalimu mkuu ahesabu, katika daftari la mahudhurio, siku zinazopotea kwa maradhi ya tumbo kabla na baada ya mradi. Ndipo tutakapojua kama maji safi yamemfikia mtoto.