Kati ya Geti na Kitanda

Kenya magari hupita kushoto. Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na Ethiopia hupita kulia. Kwa mwanafunzi aliyeteremka Nairobi jana kutoka Juba au Bukavu, tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Tangu utotoni amezoea kwamba akishuka ukingoni mwa barabara, gari la kwanza kumfikia litatoka mkono wake wa kushoto. Kwenye Waiyaki Way, pale Kangemi, litatoka kulia. Shingo yake inageuka kushoto yenyewe, anaona lami tupu, anatia mguu, na matatu inayokimbilia abiria wa steji inayofuata inamjia kutoka upande ambao hakuutazama. Mganda na Mtanzania hawana shida hii, kwao pia ni kushoto. Mmarekani aliyekuja kwa muhula mmoja anayo sawasawa na Mkongo.

Nimeanza na barabara kwa makusudi. Tukizungumzia usalama wa wageni wanaosoma Nairobi, akili hukimbilia ugaidi, kisha wizi, kisha siasa. Hatari hizo zipo, na nitazifikia. Lakini katika miaka ya karibuni ajali za barabarani zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka nchini Kenya, na hapa jijini kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni la waendao kwa miguu. Na nani atembeaye kuliko mwanafunzi mgeni? Hana gari, nauli anaihesabu, chuo chake kiko karibu na katikati ya mji, Chiromo au Madaraka, na chumba alichokimudu kiko Kawangware, Riruta, Uthiru au Kinoo, kwa kuwa kodi ya Kilimani au Kileleshwa ingemaliza pesa za muhula mzima. Barabara ya Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, wenye magari walipata njia ya juu. Anayetembea alibaki chini na kazi ileile ya kuvuka.

Hoja yangu ni kwamba vyuo vyetu vimejifunza kulinda geti, ilhali mengi yanayomdhuru mwanafunzi mgeni humkuta kati ya geti na kitanda chake.

Zamani umbali huo ulikuwa mfupi. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Nairobi ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo, aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Kampala, aliyetaka sheria alikwenda Dar, na aliyetaka uhandisi au udaktari wa mifugo alikuja Nairobi, huyu wa mifugo akiishia Kabete, magharibi mwa jiji. Kijana wa Uganda au Tanzania aliyepanda treni kuja huku alipangiwa bweni. Alilala, alikula na alitibiwa ndani ya ua mmoja, chini ya macho ya watu waliomjua kwa jina. Leo mabweni hayatoshi hata kwa Wakenya wenyewe. Mgeni hupokewa na ofisi ya udahili, halafu hupokewa na wakala wa nyumba, na kati ya hao wawili hakuna anayeulizwa mwanafunzi alale wapi ili awe salama.

Hofu iliyojenga mageti haikuzuka hivi hivi. Septemba 2013 watu 67 waliuawa na magaidi katika jumba la maduka la Westgate, Westlands. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2019 watu 21 waliuawa katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Riverside, jirani kabisa na kampasi ya Chiromo. Baada ya misiba hiyo hakuna mwenye akili atakayelalamika kufunguliwa begi getini.

Hata hivyo, tazama yaliyotokea mwaka huohuo wa Garissa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya mauaji yale, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliokuwa wamelala waliamini wameshambuliwa. Wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya mia moja wakajeruhiwa, na hapakuwa na gaidi hata mmoja. Novemba 30 mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio. Milio ya risasi ikasikika, wengi hawakujua kwamba ni zoezi, watu wakaruka kutoka juu, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Makumi waliumia.

Nimeyatafakari sana matukio hayo mawili, na sioni kwamba yanatuambia watu wa Nairobi ni waoga. Geti lilikuwepo, walinzi walikuwepo. Kilichokosekana ni sauti moja inayoaminika, iliyojulikana mapema, ya kusema ndani ya dakika moja: huu ni umeme, au hili ni zoezi, kaeni mlipo. Sasa mweke mgeni ndani ya kisa hicho. Kiswahili chake ni cha Bukavu au hana kabisa, hayumo katika kundi la WhatsApp la darasa, hamjui mlinzi kwa sura. Uvumi humfikia wa kwanza na habari ya kweli humfikia ya mwisho. Kwa hiyo swali la maana la wiki ya kwanza chuoni ni: likitokea jambo usiku, nani atanitumia ujumbe, kwa namba ipi, na nitajuaje kuwa ni yeye?

Tutoke sasa getini tufuate njia ya chumbani.

Bedsita za Kinoo na Uthiru hujengwa kwa kumwogopa mwizi. Madirisha yana vyuma vilivyochomelewa, ngazi ni moja, na lango la ploti hufungwa usiku kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao keateka peke yake. Mwizi hapiti, lakini siku moto ukiwaka mpangaji naye hapiti. Kabla ya kulipa diposti, mwanafunzi aulize funguo za usiku ziko wapi na kama kuna dirisha moja lenye chuma kinachofunguka kwa ndani. Ni maswali mawili tu, na wakala atayaona ya ajabu. Aulize vivyo hivyo.

Kuna hatari nyingine ya chumbani ambayo wenyeji huisahau kwa kuwa wameizoea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake ni baridi ya kweli. Kijana aliyekulia Juba, Bujumbura au Dar es Salaam hajawahi kulala katika baridi hiyo. Anaona jirani akipika kwa jiko la makaa barazani, analiingiza ndani lipashe chumba, anafunga dirisha, analala. Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujua kinachomuua. Blanketi zito la soko la Gikomba linatosha. Chuo kinachopokea watu wa nchi za joto kiwaambie hivyo mwezi Mei, na kirudie Juni.

Kwenye maradhi, mambo hugeuka kwa namna ambayo wazazi wengi hawaitarajii. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ina malaria kidogo sana, na mzazi wa Kisangani au Bujumbura hushukuru. Lakini mtu aliyekulia penye mbu wengi hujijengea kinga fulani kwa kuumwa mara kwa mara, na kinga hiyo hufifia akikaa mbali kwa miezi na miaka. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaporudi kwao Desemba anajiona mwenyeji, analala bila neti kama ndugu zake, na malaria anayorudi nayo Nairobi inaweza kumwangusha kuliko ile ya utotoni. Dalili huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, hivyo homa humpata akiwa tayari ameanza masomo. Hapo sentensi moja kwa daktari huweza kuokoa maisha: nilikuwa Bujumbura wiki mbili zilizopita. Bila sentensi hiyo, kliniki ya Nairobi inaweza isifikirie malaria kwanza. Mmarekani aliyekwenda Kisumu au Busia kwa utafiti wa wikendi anahitaji sentensi hiyohiyo, na yeye hana kinga yoyote ya kufifia.

Linalofikiriwa kwanza mara nyingi ni taifodi. Yeyote aliyewahi kuugua Nairobi anaijua kliniki ya chini ya ghorofa: damu kidogo kidoleni, robo saa kwenye benchi, kisha jibu kwamba una taifodi kidogo, na bahasha ya antibayotiki. Kipimo cha Widal kinachotumika sana katika kliniki hizo hakiaminiki kikiwa peke yake, kwani chembe za kinga kinazozitafuta hubaki mwilini baada ya maradhi mengine au ya zamani. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, kazi ya siku kadhaa katika maabara kubwa. Mgeni aliyepewa jibu la taifodi mara tatu kwa muhula mmoja aende hospitali kubwa. Kuhusu maji nitasema machache: mgao upo, boza huja, jerikeni huwekwa uani, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama jirani anayanywa hivyo hivyo.

Hospitali kubwa ndiyo huleta suala la karatasi na pesa, na hapa wanafunzi wengi huumia kwa kutojua haki yao. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni mtu, pasipo kutaja uraia. Anayevuja damu baada ya kugongwa na bodaboda pale Valley Road hapaswi kuulizwa kitambulisho cha Kenya kabla ya kuhudumiwa. Lakini dharura ikishatulizwa, kulazwa katika hospitali binafsi huanza na diposti, na saa hiyo kadi ya bima ndiyo inayosema. Bima nyingi za wanafunzi zina orodha ya hospitali zinazokubalika na namba ya kupiga kabla ya kulazwa. Mwanafunzi aijue hospitali iliyo karibu na chumba chake, kwa kuwa ile iliyo karibu na chuo haitamsaidia Riruta saa nane usiku.

Sitarefusha kuhusu wizi, kila mtu huonywa. Ngeta, yaani kabari ya shingo, hupigwa kwenye vichochoro na njia za mkato za jioni, na mchele, yaani dawa ya kulevya, hutiwa katika kinywaji kilichoachwa mezani. Nataka kukaa kwenye jambo ambalo maonyo hulikwepa kwa aibu. Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kukinga VVU, zile ambazo kila nesi huziita PEP, na kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa hizo. Hahitaji kwenda polisi kwanza. Aende hospitali, asioge, abebe nguo alizovaa, matibabu yatangulie na fomu ya polisi ya P3 ifuate. Hospitali za serikali hazipaswi kumtoza kwa huduma hiyo. Namba ya msaada, 1195, hupigwa bure, mchana na usiku. Msichana wa kigeni hunyamaza mara nyingi kwa kuogopa kwamba kibali chake cha masomo kitaguswa, na saa 72 zinakwisha akiwa chumbani. Mkuu wa wanafunzi amwambie waziwazi, siku ya kwanza, kwamba kubakwa si kosa la uhamiaji.

Kisha kuna maumivu yanayosafiri na simu. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki za huko zilifungwa. Mwanafunzi wa Goma aliyekuwa Nairobi akawa hana habari za nyumbani usiku na hana pesa za kodi mwisho wa mwezi. Vita vilivyoanza Sudan Kusini Desemba 2013 na Sudan Aprili 2023 vimewapitisha wanafunzi wa huko katika njia hiyo. Mtu wa namna hiyo huanza kwa kuacha mlo wa mchana, kisha huacha darasa, kisha huacha kupokea simu. Chuo huona deni la karo. Kikipeleleza kidogo tu kitaona mtu aliyekonda. Wapo wanaofikia kutaka kujiua. Zamani aliyejaribu kujiua na akaokolewa alikabiliwa pia na hatari ya kushtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wanafunzi wageni waelezwe hivyo, kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba kusema ukweli hospitalini ni kujipeleka kituoni.

Ukiyatazama haya yote, machache sana yanahitaji pesa nyingi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, ikiwezekana wa nchi ileile, atembee na mgeni kutoka getini hadi chumbani, akimwonyesha wapi pa kuvuka, daraja lipi, steji ipi, duka lipi la dawa lina mfamasia wa kweli. Chuo kiweke mtu mmoja wa kushika simu usiku. Mzazi wa Bukavu au Juba naye, kabla hajatuma karo ya kwanza, apige simu na aulize: mwanangu akilazwa saa nane usiku, nani wa chuo atapokea simu, na ana ruhusa ya kuidhinisha kiasi gani hospitalini kabla ofisi ya fedha haijafunguliwa asubuhi? Akitajiwa ofisi, aendelee kuuliza mpaka atajiwe jina na namba.